Hesabu za meza ya puli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga wachezaji, mafundi wa meza na walimu wa hesabu wa Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma na miji ya jirani. Pasipotajwa vingine, mpira ni ule wa kipenyo cha milimita 57.15, na eneo la kuchezea ni sentimita 198 kwa 99, kipimo kinachopatikana sana kwenye meza ya futi 7. Mpira mweupe tutauita nyeupe. Kabla ya kuanza, ipime meza yako kutoka mdomo wa raba (ukingo laini unaorudisha mipira) hadi mdomo wa raba, si kutoka ubao hadi ubao. Urefu unapaswa kuwa mara mbili ya upana.

Nilenge wapi hasa ili mpira uingie shimoni?

Vuta mstari kwa macho kutoka katikati ya shimo, upite kwenye kitovu cha mpira unaotaka kuingiza, utokee upande wa pili. Juu ya mstari huo, nyuma ya mpira, weka mpira wa kufikirika unaogusana nao. Kitovu cha mpira huo wa kufikirika kiko milimita 57 kutoka kitovu cha mpira wa rangi, yaani kipenyo kimoja kamili. Hapo ndipo kitovu cha nyeupe kinatakiwa kufika.

Wengi hulenga pale mipira itakapogusana, na pale pako milimita 28.5 tu kutoka kitovu. Ukiipeleka katikati ya nyeupe kwenye sehemu hiyo, nyeupe itaugonga mpira mapema na kwa unene kuliko ulivyotaka, na mpira utapita upande wa ndani wa shimo. Ukiona unakosa upande huohuo kila mara, anza kwa kuchunguza hapa.

Zoezi lake ni jepesi. Chukua mpira wa ziada, uweke ugusane na mpira wa rangi kwenye mstari wa shimo. Simama nyuma ya nyeupe, utazame katikati ya huo mpira wa ziada, ukariri mahali ulipo, mwambie mwenzako auondoe, kisha piga. Rudia mara ishirini kwa pembe moja kabla ya kuhamia pembe nyingine.

Nusu mpira, robo mpira: hizo ni pembe gani?

Nyeupe ikiufunika mpira wa rangi nusu, ukitazama kutoka nyuma ya fimbo, mpira utatoka kwa pembe ya digrii 30. Katikati ya fimbo inakuwa inaelekea ukingoni kabisa mwa mpira wa rangi, na ndiyo maana pembe hii ni rahisi kuizoea. Ukifunika robo tatu, ni digrii 14.5. Ukifunika robo, ni digrii 48.6. Ukifunika thuluthi moja ya robo au chini ya hapo, umeshapita digrii 66.

Kanuni yenyewe: chukua 1, toa sehemu iliyofunikwa, kisha tafuta pembe ambayo sini yake ni jibu hilo. Kwenye kikokotoo cha shule utabonyeza kitufe cha pili halafu kile cha sin. Kwa robo, 1 toa 0.25 ni 0.75, na pembe ni 48.6.

Tazama jinsi pembe zisivyoenda kwa hatua sawa. Kutoka mpira mzima hadi robo tatu unasogea digrii 14.5, lakini kutoka robo hadi kugusa tu unasogea zaidi ya digrii 41. Kwa mipigo myembamba, upana wa unywele kwenye kulenga ni digrii kadhaa shimoni. Tena mpira unaokatwa kwa digrii 60 hupokea nusu tu ya kasi ya nyeupe na robo ya nishati yake, kwa hiyo unahitaji mkono mzito kuliko macho yanavyokuambia.

Mpira umenyooka kabisa na shimo, mbona naukosa?

Kwa sababu mgongano hukuza kosa. Chukua nyeupe iliyo mita 1 kutoka mpira wa rangi. Gawanya umbali huo kwa kipenyo cha mpira, 1000 kwa 57.15, upate 17.5, kisha toa 1. Kila kosa dogo la mwelekeo wa nyeupe litazidishwa mara 16.5 katika mwelekeo wa mpira wa rangi.

Sasa lete shimo. Tuseme mdomo wake ni milimita 114. Mpira una nafasi ya milimita 28 hivi kila upande, na ukiwa mita 1 kutoka shimoni hiyo ni pembe ya digrii 1.6. Gawanya kwa 16.5: nyeupe inaruhusiwa kukosea digrii 0.1 pekee. Kama mkono wako wa nyuma uko sentimita 80 nyuma ya mkono unaoshikilia fimbo mbele, digrii 0.1 ni mkono huo kuhama kando milimita moja na nusu. Kiwiko kikitoka nje kidogo tu, mpira umekwenda.

Dawa ni kufupisha umbali. Nyeupe ikiwa sentimita 50 badala ya mita, kosa linakuzwa mara 7.7. Ndiyo maana mchezaji mzuri huonekana kana kwamba anapata mipira rahisi tu: kila anapopiga anahesabu nyeupe itasimama wapi. Na kumbuka kwamba kwenye mkato wa digrii 60 ukuzaji huo huongezeka takriban maradufu.

Kwa nini nyeupe na mpira wa rangi huachana kwa digrii 90?

Chora kasi ya nyeupe kabla ya mgongano kama mshale. Baada ya mgongano kuna mishale miwili, mmoja wa kila mpira. Uzito ukiwa sawa, kule kutopotea kwa momenta (uzito mara kasi) kunataka mishale miwili ikiunganishwa ilete ule wa kwanza, kwa hiyo mitatu inafunga pembetatu. Kutopotea kwa nishati kunataka mraba wa mshale mrefu uwe sawa na jumla ya miraba ya ile mifupi. Kwa kanuni ya Pythagoras, pembetatu ya namna hiyo ina pembe mraba. Hakuna njia nyingine.

Mezani pembe huwa chini kidogo ya 90, kwa kuwa mipira hupoteza nishati kiasi inapogongana. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kanuni hii inasimama tu ikiwa nyeupe inateleza wakati wa kugonga, bila kubingirika mbele wala nyuma. Nyeupe inayobingirika haifuati 90.

Basi nyeupe inayobingirika huenda wapi?

Huanza kwenye mstari wa digrii 90, kisha mzunguko wake wa mbele huivuta na kuipinda. Mwishoni inakuwa imeacha njia yake ya awali kwa digrii 27 hadi 34, iwapo umeupiga mpira wa rangi kwa unene wowote kati ya robo na robo tatu. Kilele ni digrii 33.7, karibu na nusu mpira. Mipigo mingi ya mchezo wa kawaida imo humo, kwa hiyo ukishika digrii 30 moja tu kichwani umejua njia ya nyeupe kwa sehemu kubwa ya mchezo.

Kupima digrii 30 chukua ile pembetatu ya plastiki iliyo kwenye seti ya jiometri ya mtoto wa shule, yenye ncha za 30, 60 na 90. Tanua kidole cha shahada na cha kati mpaka vilingane na ncha ya 30. Mkono wako ndio utakuwa kipimo. Weka kidole kimoja kwenye njia ya nyeupe kabla ya kugonga, kingine kitaonyesha itakakoelekea. Ukiona kinaelekea shimoni, badilisha mpango mapema.

Ukigonga mpira wa rangi katikati kabisa na nyeupe inabingirika, nyeupe itasita kisha itaendelea na 2/7 za kasi yake, na mpira wa rangi utaishia kubingirika kwa 5/7. Kwa sababu umbali wa kubingirika hufuata mraba wa kasi, mpira wa rangi utakwenda takriban mara sita ya nyeupe.

Kwenye meza ya sarafu nyeupe hufanya tabia tofauti. Ni mimi au ni mpira?

Mara nyingi ni mpira. Meza ya sarafu, ile inayofunguliwa kwa kutumbukiza sarafu, inafungia mipira yote iliyoingia isipokuwa nyeupe, na ili iitambue, nyeupe lazima iwe na kitu cha pekee: ukubwa tofauti, uzito zaidi au kiini cha sumaku. Uzito ukitofautiana, kanuni ya 90 imevunjika.

Ipo seti ambayo nyeupe yake ni ya milimita 60.3 na nyingine ni 57.15. Uzito hufuata kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kwa hiyo nyeupe hiyo ni nzito kwa asilimia 17 au 18. Ukiipiga ili isimame baada ya kugonga katikati, haitasimama. Itasonga mbele kwa asilimia 8 ya kasi yake. Kinyume chake, seti za Kiingereza zenye mipira ya milimita 50.8 huwa na nyeupe ya 47.6, ambayo ni nyepesi kwa asilimia 18. Hiyo hujirudisha yenyewe kwa karibu asilimia 10.

Kabla ya mchezo wa maana, pima. Weka nyeupe na mpira wa rangi kati ya vitabu viwili vilivyosimama wima na uone kama nafasi ni ileile, au zipeleke kwenye mizani ya kidijitali ya duka. Mpira wa milimita 57.15 wa viwango una gramu 156 hadi 170. Zingatia pia kwamba nyeupe hupigwa kila zamu, kwa hiyo huchakaa na kupungua kabla ya wenzake.

Nikijaribu kurudisha nyeupe kutoka mbali inasimama tu. Kwa nini?

Mzunguko wa nyuma huliwa na kitambaa njiani. Mpira ukiteleza, msuguano unaupunguza mwendo na papo hapo unaugeuza uanze kubingirika mbele. Ukipiga chini ya katikati kwa nusu ya nusukipenyo, yaani milimita 14, ambapo ndipo mwisho wa salama kabla ya ncha kuteleza, mzunguko wa nyuma utakuwa umekwisha baada ya umbali huu, kwa msuguano wa kuteleza wa 0.2: sentimita 76 ukipiga kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, na mita 1.7 kwa mita 3 kwa sekunde. Mpira wa rangi ukiwa umbali huo kamili, nyeupe itasimama. Ukiwa mbali zaidi, nyeupe itafuata.

Kasi ndiyo dawa, kwa kuwa umbali huongezeka kwa mraba wake. Wanaoshindwa huwa wanashusha fimbo chini zaidi badala ya kuongeza kasi, ncha inateleza, na wakati mwingine kitambaa kinachanika. Paka chaki kila mara, na fimbo ilale sambamba na meza kadiri ukingo unavyoruhusu.

Kwa upande mwingine, nyeupe iliyopigwa katikati kabisa huanza kubingirika kikamilifu baada ya sentimita 12 kwa kasi ya mita 1, sentimita 50 kwa mita 2, na mita 1.1 kwa mita 3. Inapofika hapo kasi imeshuka hadi 5/7 ya ile ya mwanzo, iwe kitambaa ni kipya au kikuukuu. Kitambaa hubadilisha umbali tu, hakibadilishi sehemu hiyo.

Nikitaka kugonga ukingo kwanza, nahesabuje?

Kwa kioo. Mpira unaorudi kutoka ukingoni hufuata njia ileile ambayo ungefuata kama ukingo ungekuwa kioo na shabaha ingekuwa upande wa pili wake, umbali uleule. Lenga taswira hiyo.

Lakini kioo hakiko kwenye mdomo wa raba. Kitovu cha mpira hakifiki pale. Kinaishia milimita 28.5 kabla. Kioo kiko kwenye mstari huo wa ndani. Tufanye mfano ili uone uzito wa jambo hili.

Nyeupe iko sentimita 50 kutoka ukingoni, mpira unaoulenga uko sentimita 30 kutoka ukingo huohuo, na kati yao kuna sentimita 120 ukipima kwa kufuata ukingo. Mpira mwingine umeziba njia ya moja kwa moja. Ukisahau nusukipenyo, utagawanya 120 kwa uwiano wa 50 kwa 30 na kulenga mdomo wa raba kwenye sentimita 75. Nyeupe itagusa raba mapema na itapita sentimita 4.8 kutoka kitovu cha shabaha. Kwa kuwa vipenyo ni sentimita 5.7, utaukwaruza tu, au usiuguse kabisa.

Sasa toa 2.9 kila upande: 47.1 na 27.1, jumla 74.2. Zidisha 120 kwa 47.1, gawanya kwa 74.2, upate 76.2. Hapo ndipo kitovu kinatakiwa kugeukia. Ukiuendeleza mstari huo hadi mdomo wa raba, jicho lako linatakiwa kutazama sentimita 81. Tofauti ya sentimita 6 kati ya 75 na 81 ndiyo inayowafanya watu waseme hesabu ya kioo haifanyi kazi.

Nimeyafuata hayo, lakini mpira bado hautoki sawa.

Angalia kasi kwanza. Mpira uliopigwa kwa nguvu huzamisha raba na kurudi ukiwa umesimama zaidi kuelekea katikati ya meza. Mpira wa polepole unaobingirika hubaki na mzunguko wake baada ya kugusa, unajipinda mbele na kutoka kwa upana. Chagua kasi moja ya wastani ya mipigo ya ukingo na uizoee. Mzunguko wa kando nao hubadilisha pembe sana. Ukiwa bado unajifunza, piga katikati.

Kisha kitambaa. Karibu na ziwa unyevu wa asubuhi huongeza msuguano, na meza ya saa mbili asubuhi si ile ya saa tisa mchana. Unaweza kuipima. Bingirisha mpira polepole usiguse ukingo, pima umbali hadi uliposimama na muda kwa simu. Zidisha umbali wa mita kwa 2, gawanya kwa 9.81, gawanya tena kwa muda mara muda. Mpira uliokwenda mita 1.8 kwa sekunde 6 unatoa msuguano wa kubingirika wa 0.010, kitambaa kizuri. Ukisimama kwa sekunde 5 baada ya umbali huohuo, ni 0.015, na itakubidi uongeze nguvu.

Mwisho, mipira michafu. Mipira inapokatana, msuguano kati yake huuburuta mpira wa rangi kidogo kando, digrii 1 hadi 5, hasa mpigo ukiwa wa polepole. Vumbi la chaki huzidisha hali hiyo. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ikaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi.

Tuko karibu na Ikweta. Je, mzunguko wa dunia unaupotosha mpira?

Swali hili lina uzuri wake, kwa sababu Mfaransa ambaye nguvu hiyo imepewa jina lake, Gaspard-Gustave de Coriolis, ndiye aliyechapisha mwaka 1835 kitabu cha hisabati ya biliadi, mchezo wa jamii moja na puli. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba mpira uliopigwa kwa fimbo iliyoinuka hupinda kwa njia ya parabola mpaka kuteleza kuishe, kisha hunyooka.

Nguvu ya Coriolis inayosukuma kando ni sifuri kwenye Ikweta, pale penye alama ya Maseno. Kisumu iko takriban digrii 0.1 kusini. Mpira unaokwenda mita 2 kwa sekunde 2 utasukumwa kando chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Sasa linganisha na meza iliyoinama milimita 1 kwa kila mita: mpira uleule, kwa sekunde hizo 2, utahama milimita 14. Mwinamo mdogo huo una nguvu mara 30,000 kuliko dunia inayozunguka. Mpira ukipinda, lete pima maji.

Nisawazisheje meza?

Tumia pima maji ndefu, ya sentimita 60 au zaidi. Iweke katikati ya meza kwa urefu, kisha kwa upana, halafu karibu na kila kona. Ukiona mwinamo wa milimita 1 kwa mita na miguu imeachana mita 1.5, inua upande wa chini milimita 1.5. Miguu yenye bolti izungushwe kidogo kidogo. Isiyo na bolti iwekewe kipande cha bati, si kadibodi, maana kadibodi hubonyea ikinyonya maji ya kupigia deki. Rekebisha urefu kwanza, upana baadaye, kisha rudia urefu. Kitanda cha meza, yaani ubao ulio chini ya kitambaa, kikiwa kimepinda katikati, miguu haiwezi kukiponya; pima maji itaonyesha mwinamo ukielekea katikati kutoka pande zote mbili.

Fundi anabadilisha raba. Mdomo uwe juu kiasi gani?

Asilimia 63.5 ya kipenyo cha mpira, ikikosea si zaidi ya asilimia moja. Kwa mpira wa 57.15 ni milimita 36.3, kwa mpira wa 50.8 ni milimita 32.3. Pima kutoka juu ya kitambaa, si juu ya ubao.

Hesabu tupu inasema 7/10 za kipenyo, urefu ambao mpira unaobingirika ungesukumwa na kurudi ukibingirika bila kusugua kitambaa. Lakini raba iliyo juu hivyo huubana mpira chini, unapoteza kasi na kitambaa kinachakaa mstari mzima kando ya ukingo. Ikiwa chini mno, mpira huruka. Kununua seti ndogo ya mipira na kuiweka kwenye meza ya mipira mikubwa kunaleta tatizo hilo la kwanza siku hiyohiyo.

Kwa nini mipira ni 15?

Safu ya 1, 2, 3, 4 na 5 zinajumlishwa kuwa 15, na ndizo zinazojaza pembetatu. Nyeusi ikikaa katikati, mipira saba mizima na saba ya mistari inaweza kupangwa kwa namna 3,432. Ukipanga bila kutazama, nafasi ya kona mbili za nyuma kupata aina tofauti, kama sheria inavyotaka, ni 7 katika 13.

Naingiza mipira vizuri, mbona simalizi meza?

Kumaliza ni kuingiza mara 8 mfululizo: saba zako na nyeusi. Anayeingiza mara 8 katika 10 ana 0.8 ikizidishwa yenyewe mara 8, yaani asilimia 17. Anayeingiza 9 katika 10 amefika asilimia 43. Kwa hiyo kupanda kutoka 8 hadi 9 kunazidisha idadi ya meza unazomaliza mara mbili na nusu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza mashindano. Mchezaji anayeshinda mchezo mmoja kwa asilimia 60 atashinda mechi ya anayetangulia kufikisha 2 kwa asilimia 65, na ya kufikisha 3 kwa asilimia 68. Waandaaji wanaotaka bora ashinde warefushe mechi za mwisho.

Ukipiga kwa digrii 45 kutoka kona, mpira utaishia wapi?

Kwenye meza isiyo na mashimo ya kati wala msuguano, yenye pande za namba nzima, utaishia kona nyingine kila mara. Chukua daftari la miraba, chora 5 kwa 3, anza konani, pita kwenye pembe za miraba. Utagonga kingo mara 6 kisha uingie kona inayokabiliana na uliyoanzia. Kanuni: punguza uwiano uwe mdogo kabisa, jumlisha namba mbili, toa 2. Kwa 6 kwa 4, uwiano ni 3 kwa 2, na migongano ya kingo ni 3. Namba zote mbili zikiwa witiri, ni kona ya mkabala.

Ili kuona sababu, usiuvunje mstari. Kila mpira unapogonga, pindua meza nzima kama ukurasa na uache mstari unyooke. Ndio ule mtindo wa kioo, umerudiwa. Meza yetu halisi ni 2 kwa 1, na mstari wa 45 kutoka kona unaenda moja kwa moja kwenye shimo la kati.

Na meza ya duara?

Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliyeishi kati ya takriban 965 na 1040, aliuliza kuhusu kioo cha duara: ukiwa na nukta mbili, mwale ugonge wapi ili utoke moja ufike nyingine? Ndilo swali la kugonga ukingo kwenye meza ya duara. Alilitatua kwa kukata duara na haipabola. Baadaye, katika karne ya 20, ilithibitishwa kwamba kwa ujumla haliwezi kutatuliwa kwa rula na bikari peke yake. Meza ya duaradufu ni rahisi zaidi: ndani yake kuna nukta mbili maalumu ziitwazo fokasi, na mpira unaopita kwenye fokasi moja ukigonga popote, utapita kwenye fokasi ya pili.

Kuna ambayo wanahisabati bado hawayajui?

Ndiyo, na swali lenyewe mtoto analielewa. Katika meza ya pembetatu, je, kuna njia ambayo mpira utaizunguka na kuirudia milele? Pembe zote zikiwa kali, jibu lilitolewa na Fagnano mwaka 1775: kutoka kila kona shusha mstari wima kwenye upande unaoikabili, unganisha nyayo tatu, yaani pale mistari inapogusa pande, na hiyo ndiyo njia. Jaribu kwa rula, pembe zitakubali. Pembetatu yenye pembe butu ndiyo imewatoa watu jasho. Richard Schwartz alithibitisha kwamba njia ipo mradi pembe kubwa isizidi digrii 100. Kwa pembetatu butu zote bado hakuna uthibitisho.

Maryam Mirzakhani wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati, mwaka 2014, alifanya kazi kuhusu nyuso na maumbo ambayo inatumika kuelewa biliadi kwenye meza za pande nyingi.

Kompyuta inaweza kutabiri mpira utakapoishia baada ya kuvunja, yaani mpigo wa kwanza unaotawanya mipira?

Haiwezi kwa undani. Tumeona mgongano hukuza kosa. Mipira ikiachana kwa sentimita 60 hivi, kosa huzidishwa karibu mara 10 kila mgongano. Anza na kosa la digrii 0.001, ambalo hakuna mkono unaoweza kulipunguza. Baada ya migongano mitano limefika digrii 100, yaani hujui tena hata upande. Mwanahisabati Yakov Sinai alithibitisha mwaka 1970 kwamba biliadi yenye kizuizi cha duara katikati ina tabia hiyo ya vurugu. Leonid Bunimovich akaonyesha kwamba hata meza isiyo na kizuizi, yenye umbo la njia ya mbio ya uwanja wa riadha, huleta vurugu ileile.

Kweli mipira inaweza kuhesabu pai?

Kweli, kwenye karatasi. Mpira mdogo umesimama kati ya ukuta na mpira mkubwa unaoujia, bila msuguano wala nishati kupotea. Hesabu migongano yote, pamoja na ya ukuta. Uzito ukilingana ni 3. Mkubwa ukiwa mara 100 ni 31. Mara 10,000 ni 314. Mwanahisabati Grigori Galperin ndiye aliyeeleza sababu.

Mimi ni mwalimu, shule yetu haina meza. Nitaonyeshaje haya darasani?

Tumia sarafu, si bano (gololi). Bano hubingirika na kupinda baada ya kugongana, kwa hiyo wanafunzi hawataiona digrii 90. Sarafu hulala na kuteleza. Chukua mbili za shilingi 10 za toleo moja, uso wa dawati laini au kioo, karatasi na protrakta. Zungushia sarafu ya kwanza kalamu ili mahali pake pajulikane, isukume ya pili kwa kidole iigonge kando, si katikati. Weka alama ziliposimama, na mahali ile ya pili ilipokuwa wakati wa kugusana. Unganisha, pima pembe. Utapata chini ya 90 kidogo, mara nyingi 80 na kitu, kwa kuwa chuma hupoteza nishati. Fanya mara kumi, andika wastani.

Kisha piga sarafu ya shilingi 1 kwa ile ya 20, ambayo ni nzito zaidi. Pembe itapungua waziwazi, na ile ya 20 itaendelea mbele. Waulize wanafunzi wachore mishale mitatu na waeleze ni upande gani wa pembetatu uliobadilika. Kwa ukingo, bandika rula ya chuma mezani, weka kioo kidogo cha mfukoni mahali pa rula kwanza, walenge taswira, wakiondoe, wapige. Kisha wasogeze kioo ndani kwa nusukipenyo cha sarafu na walinganishe matokeo mawili.